Mwalimu wa Kigiriki wa kwenye simu: nimwache au nimwelekeze?

FundiWaLangoni aliuliza:

Asalaam alaykum wenzangu. Mimi ni fundi cherahani hapa Lamu, mtaa wa Langoni, umri umeshapita hamsini, na huu mwezi wa nne najifunza Kigiriki. Msicheke kwanza.

Mwanangu wa pili ni baharia, kaoa Piraeus, Ugiriki. Na mkaza mwanangu sina taabu: Kiingereza chake kibovu na changu kibovu, basi tunaelewana vizuri kabisa. Lakini mwezi wa Machi anakuja na mamake, wakae kwangu wiki mbili, na huyo mama hana lugha ila Kigiriki. Mimi nina Kiswahili, Kiarabu cha chuoni na Kiingereza cha kuuzia kofia. Najua yatakavyokuwa. Vijana watakwenda zao Shela kuogelea, sisi wawili tubaki ukumbini tukitazamana kama picha za ukutani. Mgeni wangu simkalishi bubu nyumbani mwangu.

Mwanangu akanitafutia mwalimu wa peke yangu, kijana wa Thessaloniki, kwa simu ya video, Jumatatu na Alhamisi saa mbili usiku. Euro 12 kwa saa, mlipaji ni mwanangu. Siku ya kwanza ilikuwa raha. Herufi ni 24, na akanitahadharisha kuwa zipo nne zitakazonitesa, maana huwatesa wanafunzi wake wote: thita, dhelta, ghama na khi. Nikamtamkia: thamani, dhahabu, ghali, kheri. Kijana akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Kumbe kashangaa. Akaniuliza kama nimewahi kukaa kwao.

Baada ya hapo raha ikaisha. Kila somo ni majedwali, tena yanaelezwa kwa Kiingereza cha mbio. Rafiki ni *filos*, lakini ukimsogeza kidogo kwenye sentensi anakuwa *filou*, ukimsogeza tena anakuwa *filo*, kila mahali na mkia wake. Kuandika ndiko balaa zaidi, kwa sababu sauti yetu moja ya "i" wao wanaiandika kwa njia sita. Neno *spiti*, yaani nyumba, nimeshaliandika kwa zote sita na mara zote alinisahihisha isipokuwa moja.

Juzi nimemuuliza: mgeni nitamwambiaje "kula, usione haya"? Akafungua kitabu chake, akanijibu hiyo ipo somo la 19. Mimi niko la 7.

Nauliza basi. Nimwache nitafute mwingine? Au huu ndio utaratibu wa lugha na mimi ndiye mwenye haraka?

MtembezaWageni_Malindi:

Shikamoo bi fundi. Mwache, tena leo. Mimi natembeza wageni Gede na Kitaliano changu kimenilishia watoto miaka yote hii, na darasa la Kitaliano silijui lina viti vya rangi gani. Nilianza kwa kuosha vyombo jikoni kwa Wataliano. Ukitumwa sahani ukaleta sufuria, unakemewa, kesho husahau. Jedwali gani litakufundisha hivyo?

Halafu nikudokeze: Wagiriki wamechukua mengi kwa Wataliano. Mgeni mmoja wa kwao nilimsikia akisema *porta* kwa mlango, *piato* kwa sahani, *saltsa* kwa mchuzi mzito, *banio* kwa bafu. Yote nilikuwa nayo tayari.

FundiWaLangoni:

Marahaba mwanangu. Maneno yako ni kweli, ila wewe Malindi ulikuwa na Wataliano kila mlango. Mgiriki wangu mimi ni mmoja tu, naye yumo ndani ya simu. Nikimwacha nabaki na nani?

Baharia_Faza:

Bi fundi usimwache. Nimefanya kazi melini chini ya Wagiriki miaka kumi na moja, jikoni kama huyo kaka wa Malindi, na hakuna aliyenipa jedwali. Matokeo yake nasema Kigiriki cha kuombea chumvi tu.

Lakini nikwambie jambo ambalo huyo kijana wako huenda hajalifikiria. Wao walikaa chini ya Waturuki karne nyingi, na Waturuki walibeba maneno ya Kiarabu yale yale tuliyobeba sisi. Siku yangu ya kwanza fundi wa mitambo aliniambia *ti khabaria?* Nikamjibu "nzuri" kabla sijajua ni lugha gani. Sanduku ni *sentuki*. Hamali ni *hamalis*, ingawa siku hizi hilo usimwambie mtu, lina dharau ndani yake. Dunia ni *dunyas*. Haluwa ni *halvas*, lakini yao ya ufuta, kavu, haifiki kwa hii yetu. Na *musafiris* kwao si anayesafiri, ni mgeni aliyekufikia nyumbani. Kwa hiyo Machi unapokea musafiris. Na hiyo *ti khabaria* ni ya wenzako wa rika. Kwa mama mtu mzima sema *ti kanete*.

Tahadhari moja. Ndiyo yao ni *ne*, fupi, kama mtu anayehesabu nne. Hapana wakati mwingine hawaisemi kabisa: ananyanyua kichwa na nyusi, anapiga ulimi "ts", basi. Kwetu anayenyanyua nyusi si ndiyo anakubali? Kuna mzee mmoja nilimpelekea kahawa mara tatu usiku mmoja, kila nikimuuliza kama anataka nyingine ananyanyua kichwa. Ya nne alinifukuza.

MwalimuMstaafu:

Nimesomesha Kiswahili sekondari miaka thelathini, Kigiriki nimejifunza mwenyewe kwa uzee na ukaidi. Tatizo silioni kwa mwalimu wala kwa jedwali. Tatizo ni njia mnayopita. Kukueleza wewe Kigiriki kwa Kiingereza ni kukutoa Lamu kwenda Manda kwa kupitia Nairobi.

Chukua mfano. Kiingereza kina kitenzi kisicho na mwenyewe, kinachoning'inia baada ya "nataka". Kigiriki cha leo hakina kitu hicho. Wanasema *thelo na pao*, nataka niende. *Thelo na erthis*, nataka uje. Kila kitenzi kina mtu wake, kama sisi tunaposema "nataka uje". Wanafunzi Wazungu hapo huvunjika miguu, wewe unapita tu kama unayetoka chumbani kwenda ukumbini, mradi usianze kwa kutafsiri Kiingereza.

Vile vile kile ambacho mwalimu wako anakiita jinsia tatu, vitu vya kiume, vya kike na visivyo vya popote. Usitafute uume wa kiti. Ni ngeli! Zao ni tatu. Wewe umezaliwa na zaidi ya hizo na hujawahi kulia. Unasema "kisu changu, mlango wangu" bila kuwaza. Kisu chao ni *to makheri*, mlango ni *i porta*. Jifunze neno pamoja na kile kitangulizi chake, kama mtoto anavyojifunza.

Na la kando, kwa sababu wewe ni fundi wa kushona. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Erythraea, uliandikwa kwa Kigiriki, na unautaja mji wa pwani yetu hii ulioitwa Rhapta, jina lililotokana na mashua zake za kushonwa. Kushonwa kwa kamba, kama mitepe ya wazee wetu. Neno hilo bado wanalo: fundi wa nguo mwanamume ni *raftis*, mwanamke *raftra*. Mwambie huyo mama *ime raftra*, mimi ni fundi wa nguo. Atakuelewa.

MwanafunziWaNeno:

Bwana asifiwe. Mimi nasomea uchungaji hapa Malindi, nina kitabu cha Kiyunani cha Agano Jipya. Bi akitaka nitamtumia picha za kurasa.

MwalimuMstaafu:

Ahsante kijana, lakini hicho ni cha karne ya 1 na matamshi mnayofundishwa huko vyuoni mara nyingi si ya Wagiriki wenyewe. Akimsalimia mgeni kwa lugha hiyo itakuwa kama mtu kukufikia mlangoni akakuamkia kwa utenzi.

FundiWaLangoni (wiki mbili baadaye):

Nimerudi. Mwalimu sikumwacha.

Nilimwambia hivi: kwa fundi, mteja ndiye aletaye kitambaa na ndiye asemaye anataka nini. Mimi nimekuja kushonewa kanzu, wewe wanikata kofia. Alicheka, kisha akaniuliza kanzu yenyewe ikoje. Nikamwambia ni jiko langu na ukumbi wangu kwa wiki mbili, basi. Mambo ya benki na kituo cha treni ayaweke, treni yenyewe huku haipo.

Alhamisi ile simu niliiegemeza kwenye mtungi, nikakaa juu ya mbuzi nikakuna nazi, somo likaanza. Nilichagua pweza makusudi. Mwanangu alishaniambia kuwa Machi watakuwa ndani ya kwaresima yao, huyo mama hali nyama wala maziwa, na samaki hamgusi ila tarehe 25, sikukuu yao kubwa. Nilishaingiwa na hofu nitamlisha nini, kumbe pweza, kamba na ngisi wanaruhusiwa, kwa kuwa wanahesabiwa hawana damu. Basi mimi tena! Pweza ni *khtapodhi*, na kijana akanionyesha: *okto* ni nane, *podhi* ni mguu. Sitalisahau neno hilo mpaka naingia kaburini.

Pilipili manga ni *piperi*. Mdalasini *kanela*. Nazi *karidha*. Kisha akaniuliza kama katika wali natia *ghala*. Nikamwambia kwa ukali kidogo, ghala ya nini, vyakula vyangu vimo kabatini. Kumbe ghala kwao ni maziwa. Na tui la nazi wanaliita *ghala karidhas*, maziwa ya nazi.

Hapo ndipo nilipozima moto nikakaa chini. Nazi ni *karidha*, lakini hapa imeota mkia: *karidhas*. Nikamuuliza hiyo "s" imetoka wapi, akasita, nadhani aliogopa kulitaja jedwali. Nikamwambia sema. Akasema ni ile safu ya pili ya somo la 3. Yaani miezi yote ile nilikuwa nakariri "ya" yetu bila kujua kuwa ni "ya"! Tui la nazi, mlango wa nyumba, mama wa fulani. Usiku ule nilikwenda mwenyewe kulitoa daftari, nikasoma safu ya pili yote mpaka cherahani ikapata vumbi.

Sasa tumepanga: nusu saa jikoni, nusu saa anafanya atakavyo yeye. Kiingereza tumekipunguza, namwambia kwa Kiswahili "nataka uje", naye anaandika chini *thelo na erthis*, hata yeye ameanza kuokota maneno yetu. Somo la 19 tumeliruka ukuta. "Kula" ni *fae*, lakini kwa mtu wa heshima unamtia wingi hata akiwa mmoja, *fate*, kama kumwambia "kuleni". Mlangoni nitasema *kalos irthate*, yaani karibuni, naye anatakiwa kujibu *kalos sas vrikame*. Kuandika bado naandika "i" mbovu, na nimekubaliana na nafsi yangu kwamba huyo mama hatanipa imla.

Mwalimu Mstaafu, *ime raftra* nimeijaribu kwa mkaza mwanangu kwenye simu, akapiga kelele akamwita mamake aje asikie. Mama akasema jambo refu sana. Nilichoshika ni "mama" na "nguo", na sina hakika na nguo.

Baharia wa Faza, nina swali lako wewe. Mimi nikipakua sahani ya kwanza huwa sijaanza. Huyo mama akininyanyulia kichwa na "ts" kwa ile ya pili, nimwamini, au niendelee kupakua?