Naomba ushauri: Papilio dardanus wa Karura ni nususpishi gani?

Hamjambo wanakikundi. Naombeni msaada wa wenye uzoefu na vipepeo wa msituni.

Ninaishi karibu na msitu wa Karura hapa Nairobi. Tangu mvua ianze nimepiga picha madume sita wa kipepeo Papilio dardanus: manjano hafifu, kingo nyeusi, mkia kwenye kila bawa la nyuma. Nimesoma kwamba nususpishi (kundi dogo ndani ya spishi) ya nyanda za juu ni polytrophus na ya pwani ni tibullus. Nimelinganisha picha hizo na zile nilizopiga Shimba Hills, pwani, mwaka jana, lakini weusi wa bawa la nyuma unatofautiana hata kati ya madume wa Karura wenyewe. Sitaki kuandika jina kwa kutazama ramani tu.

Halafu jana jike alitua kwenye mlimau wetu. Hakuwa na mkia. Mweusi mwenye madoa meupe, sura ile ile ya vipepeo wa Amauris ambao ndege huwakwepa kwa ladha mbaya, na ambao majike wa dardanus huwaiga. Alikunja tumbo, akabandika yai moja la manjano kwenye jani changa, akaruka zake. Tawi nimelifunika kwa kipande cha neti. Shida ni kwamba Papilio demodocus naye hutaga kwenye milimau, na viwavi wachanga wa wote wawili hufanana na kinyesi cha ndege.

Je, ni alama gani ya bawa la dume inayoaminika kutenganisha polytrophus na tibullus? Na kiwavi wa dardanus nitamtambuaje mapema, au hakuna budi kungoja atoke kwenye pupa?

Natanguliza shukrani.