Mvua imekatika, maji ni ya mgawo: bustani niifanyeje?

Mama Nkuhungu:
Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma. Ukoka wa mbele ya nyumba umegeuka kahawia na ninaumwagilia kila jioni. Nina mlimau mchanga na tuta la mchicha. Maji ya mgawo yanaishia bustanini, watoto waoge nini?

Babu Bustani:
Pole mwanangu. Ukoka uache. Ukikauka juu, mizizi ingali hai, na mvua ya Desemba ikigusa ardhi utachipua wenyewe. Kuumwagia kidogo kidogo kila jioni ndiko kunakoudhoofisha: mizizi inabaki juujuu, jua la asubuhi linaikausha.

Maji yako mpe mlimau. Uchimbie kisahani kipana, kifike pale matawi yanapoishia, maana mizizi inayonywa iko huko, si shinani. Mimina ndoo mbili kwa mkupuo mara moja kwa wiki, jua likishazama. Kisha tandaza maganda ya karanga au mabua ya uwele, unene wa vidole vinne. Usiyagusishe na shina, mchwa wa huku unawajua! Udongo wetu mwekundu ukiachwa wazi unaganda juu, na mvua ya kwanza yote inakimbilia barabarani. Hilo huniuma sana kila mwaka.

Kijana wa Kisasa:
Babu, shikamoo. Maji ya kufulia je?

Babu Bustani:
Marahaba. Kwenye miti sawa, ila yatumie siku hiyohiyo, yakilala yananuka. Mchicha usiupe. Sabuni ya unga ina chumvi, kwa hiyo kila baada ya muda mpe mti maji safi yaisukume chini.

Mama Nkuhungu:
Asante sana babu. Na nikitaka maua?

Babu Bustani:
Bogenvilia na mishubiri, panda mvua zikianza. Zikishashika hazikusumbui. Lakini kabla ya maua, funga mifereji kwenye bati sasa hivi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20, hizo ni lita 2,000 kwa siku moja, toa kidogo kinachopotea. Tangi lako ni la lita ngapi?

Mama Nkuhungu:
1,000 tu.

Babu Bustani:
Basi bomba la kumwagikia lielekeze kwenye kisahani cha mlimau.