Naomba ushauri: usuluhishi wa kifamilia kuhusu matunzo ya mama na nyumba ya urithi, nianzie wapi?

Mtoto wa Ngamiani (mleta mada)
Assalaam alaykum wakuu. Nimekwama, usiku silali. Tupo wanne: kaka mkubwa yuko Dar, mimi niko hapa Tanga na mama, dada yuko Muscat, mdogo wetu wa kike kaolewa Korogwe. Baba alifariki 2011. Mama ana miaka 79, miguu haina nguvu, tunamhudumia mimi na mke wangu. Kaka hatoi hela mpaka abembelezwe, lakini nikigusa tofali moja pale nyumbani anakuja juu. Baraza la kata walishanipa ushindi mwaka jana na bado hakubali.

Nataka usuluhishi ili tusifikishane mahakamani. Niite wazee wa ukoo, shehe wa msikiti wetu, au nitafute msuluhishi wa kulipwa? Na karatasi tutakayosaini itakuwa na nguvu gani? Mama mwenyewe ameshaamua nyumba ni ya nani, kwa hiyo kilichobaki ni kaka aelewe tu. Nawasilisha.

Kibarua wa Heri
Mkuu, kumtunza mzazi ni ibada. Ukianza kuihesabia na matofali unapoteza thawabu. Msamehe kaka yako, mengine mwachie Mungu.

Sista Zamu ya Usiku
Mimi hapo kwenye miguu kukosa nguvu ndipo niliposimama. Kama analala muda mrefu, ageuzwe kila baada ya saa 2, na mkague visigino, nyonga na mwisho wa mgongo kila mnapomwogesha. Ngozi ikiwa nyekundu na ukiibonyeza haibadiliki rangi, kidonda kimeshaanza. Msisugue hapo, mwondoleeni uzito. Na maji anywe. Wazee wengi wanapunguza maji ili wasisumbue watu kwenda chooni, matokeo yake wanapata maambukizi ya mkojo na kuanza kuweweseka.

Karani Mstaafu
Mleta mada, kabla hujapewa jina la msuluhishi jibu mawili. Hati ya nyumba ina jina la nani? Na hilo neno "mama ameshaamua", aliamua vipi, mbele ya nani?

Mtoto wa Ngamiani
Hati ninayo mimi, iko salama. Mama aliamua kwa hiari yake kabisa. Naombeni tujikite kwenye usuluhishi.

Karani Mstaafu
Sijauliza iko kwa nani. Nimeuliza ina jina la nani. Usuluhishi wote unaning'inia hapo.

Bi Mwanaisha
Na mimi naongeza, mwanangu. Mama anakumbuka vizuri? Maana umetaja miguu tu.

Mtoto wa Ngamiani
Sawa, naweka wazi. Hati ina jina la marehemu baba. Mirathi haikufunguliwa, tulikuwa tunaishi kwa amani na hakuna aliyeona haja. Mwezi wa nne nilimwandikia mama karatasi ya kunipa nyumba, akaweka dole gumba, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri. Kumbukumbu inakuja na kuondoka. Siku ile aliuliza kama hiyo ndiyo karatasi ya kliniki, nikamweleza, akasema haya. Kwa hiyo alielewa. Ndugu zangu sijawaambia bado, ndiyo maana nataka msuluhishi awaeleze kwa utaratibu. Na msingi wa vyumba 3 vya kupangisha nimeshauchimba uani, maana nepi peke yake ni vipande 90 kwa mwezi na msaidizi namlipa 120,000. Nani atarudisha hizo?

Karani Mstaafu
Basi tuanze upya. Karatasi hiyo ina matatizo mawili, na moja tu lingetosha.

La kwanza, mama hawezi kutoa nyumba isiyo yake. Nyumba ni mali ya marehemu mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na kugawa. Kama mirathi inakwenda kwa sheria ya Kiislamu, na baba hakuacha mke mwingine wala mzazi aliye hai, baada ya madeni na wasia mama ana 1/8, kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Igawe nyumba mafungu 48: mama 6, wewe 14, kaka 14, dada 7, mdogo wenu 7. Karatasi yako imetoa 48 kwa mkono wa mwenye 6. Kama mama alichangia kununua kiwanja au kujenga, hilo nalo liwekwe mezani mapema, maana linabadilisha kinachoingia kwenye mirathi.

La pili, Sheria ya Mikataba inataka mtu awe na akili timamu wakati ule anapokubali, aelewe jambo na athari zake kwake. Na kifungu cha 16 kinaangalia kwa shaka makubaliano na mtu ambaye akili yake imeathiriwa na umri au maradhi, hasa anayefaidika akiwa ndiye anayemhudumia. Mzee anayeuliza kama hiyo ni karatasi ya kliniki hajaelewa kwamba anatoa nyumba. Muhuri wa mtaa hauponyi hilo.

Mzalendo Halisi
Samahani wadau, mimi naona hii ni chai. Anasema baraza la kata lilimpa ushindi mwaka jana. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza la kata halina mamlaka ya kuamua kesi ya ardhi, linapatanisha tu. Ushindi umetoka wapi? Huyu ni mwanafunzi wa sheria anatafuta majibu ya kazi ya darasani, ametuwekea mama mgonjwa na dada wa Muscat ili tulainike.

Kibarua wa Heri
Kama ni uongo basi na dhambi ni yake. Kumtungia mama maradhi si jambo jepesi.

Bi Mwanaisha
Mtu wa kutunga angejitungia karatasi nzuri kuliko hiyo. Hili la kliniki halitungwi.

Mtoto wa Ngamiani
Wallahi si chai. Karatasi ya kata ninayo, juu imeandikwa "Maamuzi ya Baraza". Kaka aliitwa hakuja, mdogo wetu wa Korogwe hakuitwa. Wakaandika niendelee kuishi na kuendeleza eneo. Mimi nikaona nimeshinda.

Karani Mstaafu
Mzalendo yuko sahihi kwenye sheria, ila amekosea kudhani haitokei. Mabaraza mengine bado yanaandika "maamuzi" kwa mazoea. Kazi ya baraza la kata sasa ni hii: wajumbe 3, angalau mmoja awe mwanamke, wanawakutanisha wenye mgogoro. Wakikubaliana, makubaliano yanaandikwa. Wakishindwa, baraza linathibitisha kwa maandishi kwamba suluhu imeshindikana, na hati hiyo ndiyo inayofungua mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, mtu anaweza kwenda wilayani hata bila hati. Na nani ni mrithi, kwa fungu gani, si kazi ya kata kabisa. Hilo ni la mahakama ya mirathi.

Mpatanishi wa Pwani
Nijibu sasa swali lenyewe, maana limezungukwa. Ukoo, shehe au wa kulipwa, wote wanaweza. Kipimo ni kimoja: kila upande umkubali kabla hajasikia kesi. Wazee wa ukoo wanajua historia, lakini mara nyingi mmoja wao ana neno lake kwenye mali. Shehe anafaa sana kueleza mafungu, ila kadhi au shehe hapa bara hatoi amri ya kutekelezwa kama mahakama. Ukienda na mtu uliyemchagua peke yako "awaeleweshe", kaka atatoka dakika ya kumi, na atakuwa na haki.

Msuluhishi aongee kwanza na kila mmoja peke yake, hata dada wa Muscat kwa simu. Halafu kikao cha pamoja, na ajenda ziwe kwa mpangilio huu: matunzo ya mama, halafu gharama, nyumba mwisho. Familia nyingi zinaanza na nyumba, na vikao vinavunjikia hapo mama akiwa hajatajwa. Mama naye asikilizwe, asubuhi akiwa mchangamfu, bila wewe wala mkeo kuwa chumbani. Anaweza asijue mambo ya hati lakini akajua anataka kulala kwa nani na nani amwogeshe.

Dada akishindwa kuja, atoe hati ya uwakilishi iliyothibitishwa ubalozini Muscat. Kwa mama njia hiyo imefungwa: asiyeelewa hawezi kutoa uwakilishi, na hata uliotolewa zamani unakoma akili ya mtoaji ikipotea. Ikithibitika hawezi kusimamia mambo yake, mahakama inaweza kuombwa iteue msimamizi wa mali yake chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Kwa hiyo mafungu yake 6 hayachezewi kikaoni. Ninyi wanne mnaweza kuachiana mafungu yenu kwa hiari, ya mama hapana.

Sista Zamu ya Usiku
Kabla ya kumwandika kuwa amepoteza kumbukumbu, apimwe. Sukari, chumvi za damu, tezi ya shingo, vitamini B12, mkojo, na mpeleke na dawa zote anazotumia ndani ya mfuko mmoja. Baadhi ya sababu hizo zikitibiwa, mtu anarudi. Daktari aandike uwezo wake wa kuelewa na tarehe. Barua hiyo ndiyo itakayoeleza kama anaweza kusema neno kikaoni.

Mtoto wa Ngamiani
Nimesoma yote. Lakini nikifungua mirathi, kaka atataka kuuza agawiwe chake. Mama ataenda wapi? Na jasho langu la miaka yote? Msingi nimeshatia hela.

Mzalendo Halisi
Narudisha neno la chai. Ila nikuulize kwa nia njema, unataka suluhu au unataka muhuri wa pili?

Mpatanishi wa Pwani
Hofu ya kuuzwa ni ya kweli, na ndiyo inayohitaji usuluhishi. Andikeni kwamba nyumba haiuzwi mama akiwa hai, anakaa humo, na wewe unakaa bila kodi kwa sababu ya kazi ya kumtunza. Hayo ni malipo, yatajwe. Gharama mpya ziwe na daftari: tarehe, kitu, kiasi, aliyelipa, risiti. Kila mtoto ataje kiasi chake na tarehe ya kutuma, na iandikwe kitakachofanyika akikosa miezi 2, kwa mfano deni lake likatwe kwenye fungu lake. Asiye na hela atoe siku, mdogo wenu wa Korogwe achukue zamu ili mkeo apumzike. Mkeo amesahaulika kwenye uzi huu wote na ndiye anayeamka usiku. Makubaliano yapitiwe kila miezi 6, maana hali ya mzee haisimami.

Za zamani zisizo na risiti usizipigie hesabu ya shilingi kwa shilingi, mtagombana mpaka asubuhi. Ombeni kiasi kimoja cha jumla, wakubali au wapunguze. Msingi simamisha. Ukimwaga zege sasa umejenga juu ya mali ya watu wanne wengine, na kaka anaweza kwenda kuomba zuio.

Karani Mstaafu
Kwenye mirathi yenyewe: kikao cha familia, muhtasari wenye majina ya warithi wote, mdogo wenu akiwemo, saini zao na jina la msimamizi mnayempendekeza. Muhtasari, cheti cha kifo na fomu namba 1 ya kuomba usimamizi vinakwenda mahakama ya mwanzo ya mahali baba alipokuwa na makazi. Jiandae kueleza kwa nini mmechelewa tangu 2011. Msimamizi akiteuliwa ana miezi 4 kupeleka orodha ya mali na madeni kwa fomu namba 5, baadaye hesabu kwa fomu namba 6. Kuwa msimamizi si kuwa mmiliki, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Makubaliano yenu ya usuluhishi yawekeni kwenye jalada hilo, hakimu ayaone wakati wa mgawanyo. Yakibaki kabatini yatakuwa karatasi tu.

Kama hela ya wakili hakuna, ulizia wasaidizi wa kisheria kupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Hawatozi.

Mtoto wa Ngamiani
Msingi nitasimamisha. Kaka nitampigia leo, ingawa bado naamini nyumba nimeihangaikia mimi. Ile karatasi ya dole gumba niichane?

Karani Mstaafu
Usiichane. Mwenyekiti anaikumbuka, na nakala inaweza kuwa ofisini kwake. Ikitokea baadaye bila wewe kuitaja, hakuna atakayeamini neno lako jingine. Mwambie msuluhishi kwenye mazungumzo yenu ya faragha, yeye achague wakati wa kuitoa. Kwenye makubaliano kiwekwe kipengele kwamba haitumiki tena, taja tarehe yake, nyote wanne msaini, na karatasi yenyewe ibanwe nyuma ikiwa imepigwa mstari.