Mbona mahali pa kukutania panatoweka?

Swali
Wanajamvi, nawasalimu. Kwa miaka kadhaa nimeona baraza, viwanja na kumbi za jumuiya zikikosa watu, na kila ninayemuuliza sababu hunitajia simu. Jibu hilo halinitoshi. Je, ni nini hasa kinachoziua, na tunapoteza nini zaidi ya mazungumzo?

Jibu la 1
Ndugu muulizaji, simu ilikuta mambo yameshaharibika. Mwaka 1989 mwanasosholojia Mmarekani Ray Oldenburg alipaita hapo "mahali pa tatu", baada ya nyumbani na kazini: huhitaji mwaliko, cheo hakihesabiki, na shughuli kuu ni mazungumzo. Makazi yanapotengwa mbali na kazi, na watu wakipita ndani ya magari badala ya kutembea, hakuna tena anayekutana na mwenzake bila kupanga. Na pale palipobaki, anayetaka kukaa hulazimika kwanza kununua kitu.

Jibu la 2
Naafiki, na naongeza jambo linaloonekana dogo. William H. Whyte, aliyechunguza viwanja vya New York katika miaka ya 1970, alibaini kwamba watu hukaa palipo na pa kukalia. Tunapoondoa mabenchi ili vijana wasizurure, tunamnyima pia mzee pumziko lake la njiani, naye mwishowe huacha kutoka nyumbani.

Jibu la 3
Kuhusu tunachopoteza, kumbukeni joto kali la Chicago la Julai 1995, lililoua zaidi ya watu 700. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alilinganisha mitaa miwili jirani ya jiji hilo, yote ikiwa na maskini wengi na wazee wanaoishi peke yao, akakuta vifo vichache zaidi katika mtaa uliokuwa na maduka na pilikapilika za watu barabarani, kwa sababu huko wazee walikuwa na mahali pa kwenda. Mtu mwenye kijiwe chake asipoonekana siku mbili, huulizwa yuko wapi.

Jibu la 4
Nawaunga mkono, ila tusisahau kwamba baraza nyingi za zamani zilikuwa za wanaume peke yao. Mimi sililii hizo. Nataka pa kukaa mimi na binti yangu pia.

Muulizaji
Dada, umenirekebisha, nami nashukuru. Katika kikao kijacho cha mtaa nitaomba mabenchi yaliyoondolewa yarudishwe, na nitaomba akina mama ndio wachague yawekwe wapi.