MREJESHO: Vijana wa bekari walioacha kazi mfululizo

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu bekari ninayoisimamia Morogoro, ambako vijana wa zamu ya usiku walikuwa wakiacha kazi mmoja baada ya mwingine. Asanteni sana.

Nilifuata ushauri wa kuingia zamu nao badala ya kuwaita ofisini. Kilichowaumiza ni usafiri wa saa kumi alfajiri na ratiba ya kushtukizwa. Sasa ratiba wanaipanga wenyewe, mimi napitia tu, na bajaji ya kuwarudisha nyumbani inalipwa na bekari. Tangu hapo hakuna aliyeacha, na utani umerudi kazini.

Kikao cha maoni cha kila wiki hakijasaidia: mbele ya mwenye mali wanakaa kimya. Husema ya moyoni tukiwa tunakanda unga. Nyongeza ya mshahara bado, naipigania.