Watoto 74 wa awali, mabeseni mawili ya mchanga, na wazazi wanasema "hawasomi". Niache?

Mwl_wa_Awali
Habari za jioni wakuu. Nafundisha darasa la awali shule ya serikali huku Simiyu. Nina watoto 74, wengi miaka mitano, na nyumbani ni Kisukuma tu. Kiswahili wanakutana nacho kwangu.

Muhula huu nilianzisha kona ya kugusa: mabeseni mawili ya mchanga, moja la maji, udongo wa mfinyanzi, pamba (huku haikosi), magunzi na vizibo vya soda. Nilitaka wapate maneno. Kilichotokea, wanacheza vizuri mno, ila kimya. Wakiongea ni Kisukuma wao kwa wao, nikisogea wananyamaza. Wazazi wawili wameshakuja kulalamika mtoto anarudi na mchanga kichwani na daftari jeupe. Mwalimu mkuu hajanikataza, ila ameuliza, "a e i o u umefika wapi?"

Nirudi ubaoni, au kuna kitu nakosea?

KijanaWaMaswa
Watoto 74 kwenye mabeseni mawili? Hiyo si kona mwalimu, huo ni mnada 😂 Rudi ubaoni upumzike.

BibiChekechea
Usimsikilize huyo. Nimefundisha awali Mtwara miaka mingi, watoto wanakuja na Kimakonde chao, nikakosea hivyohivyo. Nilitandaza vitu nikakaa pembeni kusahihisha madaftari. Mchanga hauongei, mwanangu.

Kaa chini nao, saba au wanane tu, dakika kumi na tano. Tia mkono na wewe, useme unachofanya: nachota, namimina, nafukia, nafukua. Funika, funua. Ziba, zibua. Mtoto aliyefukia kizibo kwa mkono wake halafu akakifukua hahitaji kuelezwa tofauti ya maneno hayo. Na acha kuuliza "hii ni nini?" Asiye na neno, swali hilo linamfunga mdomo.

Halafu tumia tanakali, yale maneno ya kuiga sauti au kukoleza hali. Kizibo kikianguka majini, chubwi! Mchanga umelowa chepechepe, beseni limejaa pomoni, pamba nyeupe pe. Hizo watazidaka kabla hawajaweza sentensi, maana zina mchezo ndani yake. Ukihesabu, kizibo kimoja, vizibo viwili, gunzi moja, magunzi mawili. Ngeli usizitaje kabisa, masikio yatazishika yenyewe.

Kwa idadi yako, fanya makundi kumi, mawili kwa siku. Ndani ya wiki kila mtoto amepita. Waliobaki wape vijiti wachore chini.

Ticha_Kilifi
Mimi nafunza PP1, mwaka wa kwanza wa awali, huku Kenya, wangu wanakuja na Kigiriama. Naongeza moja: usiwakataze lugha ya nyumbani. Akitaja maji kwa Kisukuma, mwitikie, kisha umrudishie: "Ndiyo, maji. Maji baridi!" Anaponyamaza ukifika, huenda ashakaripiwa mahali kwa kuongea kwao.

Na huyo mwalimu mkuu mpe a e i o u yake palepale. Lowesha mchanga kidogo, usawazishe, waandike kwa kidole. Mwanzoni mwa karne iliyopita kule Roma, Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Kiitaliano, aliwapa watoto herufi za msasa wazipapase hivyohivyo. Wewe huna haja ya kununua msasa.

NesiMstaafu
Naona hakuna aliyegusia usalama. Choroko na maharage msiwaachie peke yao, nimezitoa puani mwa watoto mara nyingi. Mbegu za nyonyo zisiingie darasani kabisa, ni sumu. Na kwa kuwa uko ukanda wa pamba, mbegu za kupandia mara nyingi zimepakwa dawa, usizichukue hata ukipewa bure. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya uji.

KijanaWaMaswa
Haya, nimekaa kimya. Ila wazazi je?

BibiChekechea
Waite asubuhi moja wakae chini na watoto wao, wachote mchanga. Mimi walalamikaji wangu ndio walioniletea magunzi baadaye. Mchanga wa kichwani kweli unaudhi, hapo wana haki. Weka beseni chini, si mezani, watoto wazunguke wakiwa wamekaa.

Mwl_wa_Awali
Mrejesho, wiki imepita. Makundi yanaenda. "Chubwi" sasa inaimbwa mpaka kwenye foleni ya uji, naanza kuijutia 😂 Sentensi bado, ila jana mmoja kaniambia "mwalimu, mimi fukua". Nikamjibu, "umefukua kizibo!"

Tatizo jipya: yuko mmoja hataki kabisa kugusa udongo, analia. Nimlazimishe?

NesiMstaafu
Hapana. Mpe kijiko au kijiti, mkono utafuata akiwa tayari. Ikiwa hata nguo, chakula na kelele vinamsumbua hivyohivyo, ongea na mama yake wampeleke kituo cha afya aangaliwe.

Ticha_Kilifi
Na hayo mabeseni yafunike usiku. Paka wakigundua una mchanga, utafukua mengine.