Naomba ushauri: "few" na "a few" zinanichanganya

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaishi hapa Dodoma, na huandika kwa Kiingereza taarifa za vikao vya wakulima wa zabibu. Juma lililopita niliandika "few farmers attended", nikikusudia kwamba wakulima kadhaa walifika, kumbe mkuu wangu alielewa kana kwamba kikao kilisusiwa. Kiherufi "a" nilichokiacha ndicho kilichobeba maana yote. Sisi tukisema "wachache", muktadha humaliza kazi.

Nimekwisha kuelewa kwamba "little water" ni kulalamikia uhaba wa maji, ilhali "a little water" ni kukiri kwamba yapo kidogo, jambo ambalo mtu wa Dodoma hapaswi kulikosea. Kinachonishinda ni "only a few", ambayo hurudi kwenye uhaba ingawa "a" ipo, pamoja na "quite a few", ambayo, ajabu, humaanisha wengi.

Je, ninyi mliobobea mlizizoea kwa kufuata kanuni ipi, au ni kwa kusoma sana tu? Na katika taarifa rasmi, mnaona ni salama zaidi kuandika "several", au nitaje idadi yenyewe?